Anza na kwera wa mwembe wenu

MSOMAJI ANAULIZA

Ndugu washauri,

Salamu kutoka Arua. Nina miaka 24, na mwaka juzi nilimaliza shahada ya baiolojia kwa daraja la pili la juu. Tangu utotoni, kila basi letu lilipovuka daraja la Pakwach kwenda Kampala nilibandika uso dirishani kutafuta tembo. Ndoto haijabadilika: nataka kuchunguza tabia za wanyama, hasa sokwe, na kufanya kazi ya uhifadhi.

Tatizo ni mlango wa kuingilia. Kila tangazo linataka "uzoefu wa angalau miaka miwili porini". Nitaupataje kama hakuna anayenichukua bila kuwa nao? Nimetuma barua pepe 31. Zilizojibiwa ni mbili, zote zikisema nafasi hakuna. Nilichonacho ni wiki nane za mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha kutunza wanyama, na huko kazi yangu kubwa ilikuwa kukata matunda na kufagia vizimba. Naona haya hata kuiandika.

Sasa kuna wakala mmoja wa kujitolea aliyenijibu upesi. Anasema atanipa mafunzo ya utafiti wa sokwe ya wiki nne pamoja na cheti, kwa dola 1,800. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe. Mjomba naye anasema niache habari za nyani nikafundishe sekondari. Mimi nina simu, laptop kuukuu, na muda.

Je, tulipe? Na tusipolipa, nianzie wapi?

Binti wa Arua

JIBU

Binti yetu, ng'ombe asiuzwe.

Anayetafuta mtafiti msaidizi ana wasiwasi mmoja tu: nikimwacha huyu msituni miezi sita, karatasi atakazoniletea zitaaminika? Cheti cha wiki nne za kutembea nyuma ya kiongozi wa wageni hakimwondolei wasiwasi huo. Ukitaka kumpima wakala wako, mwulize mambo manne kwa maandishi. Msimamizi wa kisayansi ni nani, na amechapisha nini juu ya sokwe hao? Kibali cha utafiti kutoka Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST) kimetolewa kwa jina la nani? Data utakazokusanya zitakwenda wapi, na jina lako litaonekana wapi? Na hizo dola 1,800, ngapi ni chakula, ngapi ni malazi, ngapi zinabaki kwake? Mwenye mradi wa kweli atajibu bila kujikuna kichwa. Asiye nao atakutumia picha zaidi za sokwe.

Kulipia mafunzo si kosa kila mara. Tropical Biology Association, kwa mfano, huendesha kozi za porini za mwezi mmoja hivi, ambazo baadhi yake zimefanyika Kibale, na wahitimu wa Afrika huweza kuomba ufadhili. Tofauti yake ni kwamba mwanafunzi hubuni utafiti wake mdogo, akakusanya data, akazichambua na kuzitetea mbele ya wenzake. Omba huko, kwa ufadhili. Lakini usikae ukingoja majibu.

Uzoefu unaohesabika ni data safi zenye jina lako, ambazo mtu asiyekujua anaweza kuzikagua. Hizo unaweza kuanza kuzikusanya wiki hii, kwenye uwanja wa kwenu.

Tafuta mti wenye kundi la kwera, wale ndege wa manjano wenye vichwa vyeusi wanaofuma viota vinavyoning'inia na kupiga kelele kutwa nzima. Watu huwaona kama kero. Mtafiti anayeanza hawezi kupata mnyama bora zaidi: wanaonekana wazi, hawahami wakati wa kujenga, na wanafanya mambo mengi kwa saa moja kuliko sokwe anavyofanya kwa siku nzima. Dume huchana ukanda wa jani la mtende au nyasi ndefu, akaufuma akiwa amening'inia. Kiota kikikaribia kwisha hujitundika kichwa chini mlangoni na kupigapiga mbawa ili kumwita jike. Jike huingia, hukagua, na mara nyingi huondoka. Kiota kibichi ni cha kijani. Kadiri siku zinavyopita hukauka na kuwa cha kahawia, na kile kisichopata jike dume mwenyewe hukivunja akajenga kingine.

Hapo tayari una swali: je, majike huingia zaidi kwenye viota vya kijani kuliko vya kahawia? Wachunguzi wa zamani walishalijibu, na usiogope hilo. Hutafuti kugundua jambo jipya, unataka kuonyesha kwamba unajua kupima.

Kazi ya siku mbili za kwanza ni kuangalia tu na kutunga ethogramu, yaani orodha ya tabia na maana kamili ya kila moja. Usizidishe kumi. Ugumu uko kwenye maana, si kwenye majina. "Jike anaingia" ni nini hasa? Andika: mwili wote umepotea ndani ya kiota, kichwa peke yake hakihesabiwi. "Kufuma": mdomo unavuta au kusukuma ukanda uliokwisha kushikamana na kiota, kuruka na jani mdomoni si kufuma, ni kubeba. "Kuvunja": anachomoa ukanda na kuuachia. Kisha weka tabia moja ambayo wanaoanza huisahau karibu wote: "haonekani". Usipoiandika, kila ndege aliyejificha nyuma ya majani atafutika kwenye hesabu, na mwisho utajikuta umepima tabia za ndege wa upande wa mti unaokutazama wewe.

Kaa mita 15 hivi kutoka kwenye mti. Ukiona wameacha kujenga na wanakukemea, rudi nyuma. Chomeka kigingi mahali unapokaa ili kesho ukae hapohapo. Subiri dakika kumi bila kuandika kitu, wakuzoee. Piga picha ya mti, ichore kwenye karatasi, na vipe viota namba. Namba ya kiota kilichoanguka au kuvunjwa usiipe kiota kipya, hata kama kimejengwa kwenye tawi lilelile. Kosa hilo dogo limeharibu data za watu wengi, kwa sababu kwenye jedwali kiota namba 7 kitaonekana kimeishi wiki sita wakati vilikuwa vitatu tofauti.

Anza saa moja asubuhi hadi saa tatu. Kila dakika kumi, saa ya simu ikilia, pitia viota vyote kutoka kushoto kwenda kulia na uandike kinachotokea pale pale jicho lako linapofika. Usirudi nyuma kwa sababu umesikia ugomvi. Hiyo ndiyo njia ya kupekua kundi, na kwa saa mbili itakupa mapekuo 13 ukihesabu la mwanzo. Katikati ya mapekuo, chagua kiota kimoja kwa kura iliyopigwa tangu jana usiku na ukifuatilie dakika tano mfululizo: hiyo ni njia ya kufuatilia mmoja. Kura ni ya lazima. Bila kura jicho hukimbilia penye fujo, na data zako zitasema kwera hupigana kutwa. Jeanne Altmann, mtafiti wa tabia za nyani, alizifafanua njia hizi, na upungufu wa kila moja, katika makala ya mwaka 1974 ambayo mpaka leo kila kituo cha sokwe kinaitegemea. Itafute uisome kabla hujaanza. Katika mahojiano ya kazi, swali la kwa nini ulichagua njia hii ukaacha ile halikosekani.

Siku tano kwa wiki, wiki sita: asubuhi 30, mapekuo 390. Usiwahi kusema una sampuli 390. Una kundi moja la ndege kwenye mti mmoja, uliloliangalia mara 390. Kwera wa saa moja na dakika kumi ni walewale wa saa moja na dakika ishirini. Ukipata mti wa pili na wa tatu mitaa mingine, ukagawa asubuhi zako, utafiti utapata nguvu zaidi kuliko kuongeza wiki kwenye mti uleule.

Na angalia mtego huu. Tuseme majike waliingia mara 40 kwenye viota vya kijani na mara 10 tu kwenye vya kahawia. Furaha! Lakini kama vya kijani vilikuwa 20 na vya kahawia vitano, kila kiota kimeingiwa wastani wa mara mbili, na hakuna upendeleo wowote. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya pekuo la kwanza, unahesabu viota vya kila rangi. Mtego mwingine: dume kijana, au dume asiye kwenye msimu wa kuzaliana, anafanana sana na jike. Ukiwa na shaka andika "jinsia haijulikani", usikisie. Dhoruba itaangusha viota, watoto watakuja na manati, na mwenye mti anaweza kuamka akaukata. Andika hayo yote na tarehe zake. Ongea na mwenye mti mapema, na na watoto pia. Ukiwapa kazi ya kuhesabu viota manati hupungua.

Kumtazama ndege kwa macho kwenye uwanja wa jirani kunahitaji ruhusa ya jirani. Kumkamata, kumvisha pete, kuchukua mayai au sampuli yoyote ni habari nyingine, na bila kibali cha UWA usithubutu. Kama unakusudia kuchapisha, mwombe mwalimu wako wa chuo akuongoze kwenye usajili wa UNCST kabla ya siku ya kwanza, si baada ya data kupatikana. Na ukitaka kuhoji wakulima, hata kwa maswali matano, lazima upitie kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa na UNCST.

Vifaa ni vichache. Penseli, kwa sababu wino hufutika mvua ikigusa karatasi. Daftari dogo la jalada gumu linaloingia mfukoni. Kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo na uzitume kwenye barua pepe yako. Ukipata darubini ya kuazima, 8x42 ndiyo ya msituni: 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita. Ile ya 10x50 inaonekana ya kishujaa lakini ni nzito, hutikisika zaidi mkononi, na kwa kawaida eneo unaloliona ni jembamba, kwa hiyo mnyama akisogea unampoteza.

Kuingiza data kwenye kompyuta ndiko kunakotenganisha mtafiti na mpenda wanyama. Mstari mmoja, tukio moja. Safu: tarehe, saa, mti, namba ya pekuo, namba ya kiota, rangi ya kiota, ndege, tabia, mwangalizi, maelezo. Tarehe iandike 2026-04-09, mwaka ukitangulia, kwa maana Excel ikikutana na 09/04 inaweza kuisoma Aprili au Septemba kulingana na mpangilio wa mashine, na hutajua imefanya hivyo. Usiunganishe seli. Usitumie rangi kubeba maana, kwani programu ya takwimu haioni rangi. Sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja: sifuri ni "nimeangalia, hakuna", tupu ni "sikuangalia". Ingiza siku hiyohiyo. Ukiacha wiki ipite, mwandiko wako mwenyewe utakuwa wa mtu mwingine.

Kisha jipime. Rekodi video za dakika tano tano kwa simu, uzipitie kwa BORIS, programu ya bure ya kuandika tabia kutoka kwenye video, halafu mpe binamu yako ethogramu na video zilezile. Linganisha. Mkikubaliana mara 85 kati ya 100 usijipongeze bado. Kama ndege wametulia muda mwingi, hata watu wawili wanaobahatisha wangekubaliana mara nyingi. Tuseme kwa bahati tupu mngekubaliana mara 50. Kipimo cha kappa huondoa bahati hiyo: 85 toa 50, gawanya kwa 100 toa 50, unapata 0.70. Miradi mingi hutaka 0.80 au zaidi. Dawa si kumlazimisha binamu akubali, ni kurudi kwenye maana za tabia na kutafuta neno lililowachanganya. Mara nyingi utakuta ni moja au mawili. Andika kappa ya kwanza na ya mwisho kwenye ripoti, zote mbili.

Uchambuzi ufanye kwa R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure na inakwenda hata kwenye laptop kuukuu. Huhitaji takwimu ngumu: grafu mbili, jedwali moja, jaribio moja unaloweza kulieleza kwa maneno yako. Andika ripoti ya kurasa nne kwa Kiingereza, na ukurasa wa nne uwe wa makosa na upungufu. Weka ripoti, jedwali la data na msimbo wa R kwenye hifadhi ya bure kama Zenodo, ambako vitapata anwani ya kudumu. Anwani hiyo ndiyo itakayokaa juu ya wasifu wako.

Zile wiki nane unazozionea haya, tatizo lake ni jinsi unavyozieleza. "Nilisaidia kutunza wanyama" haina kitu ndani. Je, ulipima chakula? Ulijaza daftari la kila siku? Ulikuwa unagundua mnyama aliyeacha kula kabla daktari hajaitwa? Andika aina za wanyama, idadi yao, uliandika nini na mara ngapi kwa siku, na usafi gani ulifuatwa ili magonjwa yasipite kutoka kizimba hadi kizimba. Usiongeze hata chembe. Duara la wahifadhi Uganda ni dogo, na msimamizi wako wa zamani atapigiwa simu.

Sasa vituo. Kila mtu anakimbilia Bwindi kwa sababu ya sokwe wakubwa wa milimani (gorila). Wewe usianzie huko. Angalia Budongo, karibu na Masindi. Kituo cha Budongo kilianza mwaka 1990 chini ya Vernon Reynolds, na vijiji vinavyouzunguka msitu vina watu wengi waliotoka kwenu West Nile kufuata kazi za mbao na miwa. Kiswahili kinazungumzwa kila siku pale. Mradi wenye sokwe wanaonaswa na mitego ya waya iliyotegewa paa na nguruwe mwitu unahitaji mtu atakayekaa na familia ya mwindaji akaongea naye kwa Kilugbara. Mhitimu wa Kampala hana hicho. Wewe unacho, na hukukitaja hata mara moja kwenye barua yako.

Kibale kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Makerere pale Kanyawara, na ndani ya msitu huohuo mradi wa sokwe wa Kanyawara, ulioanzishwa na Richard Wrangham mwaka 1987, na ule wa Ngogo. Ruhija, Bwindi, ipo taasisi ya uhifadhi wa misitu ya tropiki iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Mbarara. Na kama hutang'ang'ania sokwe, Mweya ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth kuna utafiti wa nguchiro milia unaoendelea tangu 1995. Kwa kujifunza kuwatambua wanyama mmoja mmoja na kuandika tabia zao, miradi michache inaweza kuushinda. Kumbuka pia kwamba Budongo ni msitu wa hifadhi chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, ilhali Kibale ni hifadhi ya taifa chini ya UWA. Ukiandika barua ukichanganya hayo mawili, anayeisoma atajua hujasoma.

Barua 31 zilizofanana ni sawa na barua moja. Andika tano, kila moja tofauti, na usimwandikie mkurugenzi. Fungua makala za miaka miwili iliyopita kutoka kituo hicho; kwenye ukurasa wa kwanza kuna anwani ya mwandishi wa mawasiliano. Tafuta hasa wanafunzi wa uzamivu wanaoanza kazi ya porini: wana fungu dogo la msaidizi, na aghalabu hawajui wamtafute nani. Barua isizidi maneno 180. Kwa Kiingereza, ikiwa na mfumo huu:

"Nimesoma makala yako juu ya kelele za sokwe wa Sonso, Budongo. Nimefanya utafiti wa wiki sita wa kwera wa Arua kwa njia ya kupekua kundi. Data na msimbo viko hapa. Makubaliano kati ya waangalizi wawili yalipanda kutoka kappa 0.70 hadi 0.84. Nazungumza Kilugbara, Kiswahili na Kiingereza. Naweza kuanza Juni kwa miezi mitatu, na naweza kuanza na kazi ya kupima matunda ya miti. Je, kuna mtu kwenye timu anayehitaji msaidizi?"

Namba zitakuwa zako, si hizo. Ona mstari wa miti. Kila mwezi vituo vingi hupitia miti ileile yenye alama na kuipa kila mmoja alama ya wingi wa matunda na majani machanga. Ni kazi ya shingo kuuma na wengi huikwepa, lakini bila hiyo hakuna anayeweza kueleza kwa nini sokwe walihama bonde. Mtu anayejitolea kuifanya hufunguliwa mlango. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku 14, basi.

Ukiitwa, uliza posho, chakula na matibabu kabla ya kupanda gari. Kujitolea miezi mitatu kwa kupewa chakula na kitanda kunavumilika. Mwaka mzima bila shilingi hapana, hata kama mradi una jina kubwa.

Andaa mwili pia. Kufuata sokwe kunamaanisha kutoka kambini saa kumi na moja alfajiri, uwe chini ya viota vyao kabla hawajaamka, na kuwaacha jioni wakishajenga vingine. Gambuti, siafu, miteremko yenye utelezi. Ndani ya Kibale anayekuhatarisha ni tembo zaidi ya sokwe, na atakayemsikia kwanza ni msaidizi wa kijijini aliyesoma hadi darasa la saba. Wahitimu wengi huharibu wiki ya kwanza kwa kujifanya wakubwa wa watu hao. Waulize majina ya miti, uyaandike, uyarudie kesho yake mbele yao.

Na afya si suala la fomu. Mwaka 2013 kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu (rhinovirus), aina ya C, kiliua sokwe 5 kati ya 56 wa Kanyawara. Kuanzia mwisho wa 2016 hadi mwanzoni mwa 2017 ugonjwa mwingine wa kupumua uliotokana na kirusi cha binadamu uliua 25 Ngogo. Ukiwa na mafua hata kidogo, unabaki kambini na kusema. Barakoa, umbali, kutotema mate, na choo cha dharura kichimbwe kwa kina na kufukiwa. Anza mapema kukusanya kadi zako za chanjo, na ulizia kipimo cha kifua kikuu. Anayezileta bila kuombwa hukumbukwa.

Mjomba wako usimpinge sana. Shule ikikukubali, kufundisha kunakupa mshahara, asubuhi za Jumamosi, na likizo tatu kwa mwaka. Anzisha klabu ya wanyamapori na wanafunzi wahesabu viota. Januari, wasiliana na NatureUganda, wanaoratibu hesabu ya ndege wa majini. Hapo utajifunza kukadiria kundi la ndege elfu moja kwa kuhesabu kumi, kisha mia, na utakutana na watu wanaojua nafasi kabla hazijatangazwa. Kama baadaye utaona unapenda ulinzi na usimamizi wa hifadhi kuliko data, taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori iliyoko Katwe, Kasese, inafundisha mambo hayo.

Kwera hujenga sana mvua zinaposhika, nyasi zikiwa ndefu na laini. Kama viota vya mwembe wenu sasa hivi vyote ni vya kahawia na madume wamenyamaza, tumia wiki hizo kujifunza R na kurekodi video za kuku wa Mama kwa ajili ya jaribio la kappa. Siku ya kwanza utakapoona dume anachana jani, hesabu inaanza. Tutumie mistari 50 ya mwanzo ya jedwali lako, pamoja na picha za kurasa za daftari zilikotoka. Tutazilinganisha mstari kwa mstari na kukurudishia zikiwa na alama nyekundu.